Kitufe cha theluji kwenye tope la Mtunda

Saa moja na nusu asubuhi. Mvua imekatika, lakini barabara ya kutoka Mtunda kwenda Kibiti imekuwa uji. Kibwana anasimamisha gari kabla ya bonde, anavua viatu na kuvisukuma chini ya kiti. Anasema mguu mtupu ndio unaomwambia pedali inataka nini.

Nyuma ameketi Fatu, mimba yake ya kwanza, uchungu umemshika tangu alfajiri. Ameegemea bega la mama yake, Bi. Mwamvua. Mwandishi wa makala haya amebanwa mlangoni, kwa sababu kiti cha mbele hakikaliwi. Juu yake kuna khanga iliyokunjwa, na hakuna anayekaribishwa pale.

Wanaume wanne wenye makuti, tayari kutandika na kusukuma, wanampigia kelele akanyage mafuta. Kibwana anabonyeza kitufe kidogo karibu na gia, anaachia breki, na gari linaondoka taratibu kama lisilo na haraka ya kufika. Linateleza kushoto kidogo, linarudi, linapanda. Bi. Mwamvua anamshukuru Mungu kwa sauti. Kibwana anafuta jasho.

Gari lenyewe si la njia hii. Ni saluni nyeupe ya Kijapani yenye turbo mbili za kuipa injini nguvu, iliyonunuliwa mtumba mwaka 1993 na tajiri wa Kibwana, Bwana Hemedy, mnunuzi wa korosho, enzi zile biashara hiyo ilipofunguliwa kwa watu binafsi na kila mwenye mizani akajiita kampuni. Fundi aliliinua springi lisigonge visiki. Tabia zake hazikubadilika.

Tabia hizo ni tatu, anaeleza dereva huyu wa miaka 47. Ukiliacha hivi hivi ni gari la bwana harusi, linabadilisha gia mapema na kwa ulaini. Ukibonyeza kitufe cha nguvu, linang'ang'ania gia ya chini mpaka injini ilie, na ukigusa mafuta tu linaruka. Ukibonyeza kile kingine, linaondokea gia ya pili badala ya ya kwanza, hivyo tairi za nyuma hazipati nguvu zote kwa mkupuo.

Hicho kingine kilisomwa na Mwalimu Mshamu wa shule ya msingi, mbele ya watu sokoni Kibiti. Alisema kimeandikwa theluji, kwa Kiingereza. Watu walicheka wakashika mbavu, maana Kibiti theluji itatoka wapi? Hakuna aliyekigusa, na Kibwana alikuwa akiwachekesha abiria kwa kitufe hicho.

Aprili 1994 mkewe, Mwanabaraka, alishikwa na uchungu akiwa kwao Mtunda. Bwana Hemedy alitoa ufunguo bila kuuliza. Walipofika kwenye bonde hili hili, Kibwana alibonyeza kitufe cha nguvu.

"Nilidhani tope linataka nguvu," anasema. "Nikikanyaga, tairi zinachimba. Nikakanyaga tena. Ile ng'we yote, kama kipande cha shamba cha kulima, niliichimba mwenyewe, kwa mguu wangu huu."

Watu walisukuma hadi saa nane mchana. Mwanabaraka alifariki kwenye kiti cha mbele, mtoto akiwa bado tumboni.

Mwezi mmoja baadaye Kibwana alilipeleka gari Ilala kufanyiwa matengenezo. Fundi mmoja, akiwa anakwangua tope chini ya bodi, alimuuliza kwa nini hatumii kitufe cha theluji, kwani theluji na tope vyote ni utelezi. Kibwana alitoka nje ya gereji akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa.

Tangu hapo amevusha wajawazito kumi na saba. Hatozi nauli. Anaishi kwa mshahara wa shilingi 40,000 kwa mwezi, katika chumba kimoja nyuma ya ghala la korosho. Anakula kwa mama ntilie, na akirudi hufungulia redio ili ndani pawe na sauti ya mtu. Hakuoa tena. Upweke, anasema, amekwisha kuuzoea, ila saa za magharibi bado zinamtesa.

Sasa gari linauzwa. Mnunuzi wa Dar es Salaam anakuja Jumamosi, na Mtunda kuna wanawake watatu watakaojifungua kabla masika hayajaisha. Kibwana amemwomba tajiri yake angoje, naye atafanya kazi bila mshahara mpaka mvua ziishe. Siku nne zimepita bila jibu.

Saa tano asubuhi, katika kituo cha afya cha Kibiti, Fatu anajifungua salama, mtoto wa kike. Bi. Mwamvua anatoka wodini na kumuuliza Kibwana alibonyeza nini pale bondeni.

"Kitu nilichochelewa kukibonyeza, mama," anajibu.

Ghalani, Bwana Hemedy analizunguka gari lililojaa tope hadi madirishani. Anauliza ni nani aliyevushwa, na kama yuko salama. Kisha anasema atampigia simu mnunuzi aje Juni, na mshahara utaendelea kama kawaida.

"Ila Juni linaondoka, Kibwana."

Kibwana anashukuru, anachukua ndoo na kuanza kuosha. Anaanza na dirisha la mbele upande wa kushoto, kwenye kiti chenye khanga.

Mpango wake, anasema huku akisugua, ni kulisindikiza gari hadi Dar es Salaam na kumwonyesha mwenye kulinunua vile vitufe, kimoja kimoja.

"Cha theluji atakicheka, kama tulivyocheka sisi," anasema. "Nataka niwepo pale anapocheka, nimweleze. Halafu nitachukua khanga yangu, nirudi kwa basi."