Chaneli ya familia ilipobadilishwa jina, nusura Mama arudi Moshi

Wakuu, heshima zenu popote mlipo.

Hiki ninachosimulia kimetokea kwenye jengo ninaloishi, Mchafukoge, na wahusika wote wapo, wazima wa afya. Chumvi sijaongeza. Majina tu nimebadilisha, maana mmoja wao akijua nimemwanika humu nitaikosa futari yake mwezi mzima.

Mwaka jana Mama alianguka zizini kwake Moshi. Mzee alishatangulia, na sisi watoto tumetawanyika. Alilala chini pale mpaka jirani anayefuata maziwa alipomkuta. Nyonga ilipona, ila mimi sikuwa na amani tena. Nikamleta Dar.

Kumtoa Mchaga wa umri ule kwenye migomba yake ukamweka ghorofa ya tatu ni kazi, wakuu. Asubuhi mimi naenda dukani Kariakoo, nauza mapazia, narudi jioni. Yeye kutwa anatazama barabara. Haukupita muda akaanza kuuliza mabasi ya Moshi yanaondoka saa ngapi.

Kilichoniokoa ni chaneli moja ya kulipia, ya familia. Mnazijua hizi. Hakuna busu la ghafla wala matusi, unaweza kuangalia na mama mkwe bila mtu kujifanya anatafuta simu. Walikuwa na tamthilia ya ukoo mmoja wenye kiwanda cha mikate, imetiwa sauti za Kiswahili. Mama akanogewa.

Ghorofa ya kwanza anakaa Bi Rukia, mjane wa Kiarabu, wanawe wana duka la ubani na manukato. Yeye ana dishi kubwa juu ya paa, na chaneli ni hiyohiyo, ila version ya Uarabuni. Jina moja, nembo moja, watu walewale wanaongea Kiarabu. Na kule tamthilia ilikuwa mbele yetu sana.

Walipogundua hilo pale kwenye ngazi, urafiki ukaanza. Bi Rukia analeta habari za mbele: "Mama Elly, yule bi harusi ataachika." Version yetu ikifika hapo, Mama anashuka na sababu: kumbe alimficha mumewe kuwa ana mtoto. Mmoja alijua nini kitatokea, mwingine alijua kwa nini.

Halafu kuna mambo ya kukatakata na kufichaficha picha. Kule gilasi za pombe zinafunikwa ukungu, kwa hiyo Bi Rukia alidhani yule mjomba ana ugonjwa wa kuangukaanguka. Mama ndiye aliyempasha kwamba ni mlevi. Bi Rukia alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi.

Nakiri niliihusudu ile chaneli. Kitu kimoja kinavaa kanzu kule, huku kinavaa kitenge, na kila nyumba inaona ni chake.

Mama alinunua sufuria mpya isiyowahi kuona kitimoto, yaani nguruwe, ya kumpikia Bi Rukia machalari, zile ndizi zetu na nyama. Nyama yenyewe aliifuata bucha la Waislamu. Sahani ikishuka na machalari inapanda na kaimati. Haikurudi tupu hata mara moja. Habari za Moshi zikafa.

Ndipo wenye chaneli wakaja na rebranding yao.

Asubuhi tunawasha, jina jipya, nembo ya rangi ya chungwa, muziki mpya. Kwenye version yetu tamthilia zote zimeondolewa, wamewekwa watu wanaoshindana kupamba keki na wengine wanaobomoa majiko yao wenyewe. Ya Uarabuni ilibadilishwa jina tu, tamthilia ikaendelea.

Mama hakulalamika. Aliacha tu kushuka.

Nikamwambia, "Si uende ukaangalie kwa Bi Rukia?"

"Niende kufanya nini? Yeye ataniambia habari, mimi nitamwambia nini? Mtu haendi kwa mwenzake mikono mitupu kila siku."

Jumamosi nikamkuta amekunja vitenge vyake kitandani. Picha ya lile zizi ikanijia, nikaogopa kwelikweli. Nikazunguka kwa mafundi wa ving'amuzi mitaa ya Gerezani, wote jibu moja: huku haipo tena. Nikawaandikia chaneli wenyewe, wakanijibu asante kwa kuwa mwanafamilia.

Jioni ile mlango ukagongwa. Bi Rukia, na magoti yake yale, kapanda ghorofa mbili. Nikamwamkia, nikamvutia kiti. Hakukaa.

"Mama Elly, umenisusa?"

"Sijakususa. Yangu imekatwa. Sina cha kukuletea."

Bi Rukia alinitazama kama anayetamani nitoke, kisha akasema hivyohivyo.

"Mimi Kiarabu chao sikijui. Nimezaliwa Kariakoo, nimekulia Kariakoo. Najua cha kuswalia na cha kuamkiana. Nilikuwa natazama midomo tu. Nikiona shela nakwambia harusi, nikiona wanalia nakwambia msiba. Maana yake nilikuwa naipata kwako. Hata wanangu hawajui. Sasa wiki hii kafa mtu, nami sijui kafa nani yao. Ukienda Moshi nitamuuliza nani?"

Mama akamsogelea.

"Huyo aliyekufa, ni yule mwembamba mwenye mvi?"

"Huyohuyo."

"Huyo ni shemeji yao. Ngoja nivae viatu."

Wakashuka wameshikana mikono. Mimi nikavirudisha vitenge kabatini.

Toka siku hiyo wanaangalia pamoja kwa lugha ambayo hakuna anayeielewa, na maneno wanayaweka wao. Wanabishana, wanasameheana, wanawaozesha watu.

Juzi chaneli imeirudisha ile tamthilia kwa Kiswahili, nadhani watu walilalamika sana. Nikamwita Mama nikiwa na furaha zangu. Aliangalia kidogo, akasikia sababu ya yule binti kuhama nyumbani, akakunja uso.

"Zima, mwanangu. Hawa wameikosea."

Akachukua sahani yake akashuka.

Nilichojifunza, wakuu: nilikuwa nahangaika kumtafutia Mama kitu cha kuangalia, kumbe alikosa mtu wa kumhitaji. Bi Rukia aliliona hilo kabla yangu, akakubali kujiaibisha ili awe mtu huyo.

Mlioleta wazazi mjini, karibuni tuongee. Wa kwenu, nani anawagongea mlango?