Buti Kwenye Kapu la Michembe

Ko, kimya, ko. Nilizisikia hatua zake kabla sijamwona: kaka yangu, mwanajeshi, akinitafuta na buti moja mguuni. La pili nilikuwa nimelificha kwenye kapu la michembe, viazi vyetu vilivyokaushwa juani, ili asirudi vitani.

“Wewe mwizi! Unataka nisimame gwaride kama korongo?”

Nikalia, nikamwonyesha. Akalinusa buti, akacheka.

“Kaka, utarudi lini?”

“Michembe hii ikiisha.”

Niliila asubuhi na jioni mpaka tumbo likauma. Kapu lilipobaki tupu, aliletwa kwenye jeneza lenye bendera.

Leo michembe inachemka jikoni kwangu Nyegezi. Ikinukia tu, namwona akifunga kamba za buti lile, akinipigia saluti, akitoka. Mama akaufunga mlango nyuma yake, taratibu.