Mdadisi Anayepima Imani ya Wenye Maduka

Saa tatu asubuhi, mwenye duka la vipuri anapanga mikanda ya mashine, mgongo ameupa mlango. Mama Pacha anabisha hodi. Shingoni ana kitambulisho, mkononi simu yenye maswali ya utafiti.

"Kama ni kodi, nimelipa," mzee anasema bila kugeuka.

"Shikamoo, baba. Sijaja kudai. Nimekuja kuuliza tu."

Kazi yake ni kupita duka kwa duka akiuliza wenye biashara wanaziamini kiasi gani polisi, mahakama, ofisi ya kodi na halmashauri. Jibu ni namba, sifuri hadi kumi. Ni kibarua cha siku. Utafiti ukiisha, anakaa nyumbani.

Mzee anatoa kumi kwa polisi. Kumi kwa mahakama. Kumi kwa wote, chapuchapu, kama anayemeza dawa chungu. Mama Pacha anashusha simu, anamweleza tena kuwa jina lake haliandikwi popote.

"Hata la duka?"

"Hata la duka."

Mzee anavuta kigoda. "Basi futa. Tuanze upya."

Safari hii polisi wanapata nne. Halmashauri, mbili.

Nje, Mama Pacha ananisimulia yake. Alikuwa na saluni. Halmashauri iliibomoa saluni hiyo, leseni ikiwa ukutani.

"Walisema wamekosea kiwanja. Wamekosea! Hata pole sikupewa."

Alishtaki. Mumewe alimsihi aachane nayo, akakataa. Alipopata fidia, miaka ilikuwa imepita; watoto wake pacha walikuwa wameshaanza shule.

"Mwanzoni nilitamani kila mtu awape halmashauri sifuri," anakiri. "Mtu akiwasifu, roho inaniuma. Siku moja mwenye kiwanda cha matofali akawapa tisa. Walimchimbia mfereji, mafuriko yakakoma. Mkono ulikuwa mzito, nikaandika tisa. Ni tisa yake, si yangu."

Msimamizi wake anasema hapo ndipo alipoiva. "Wengi wanasikia wanachotaka. Yule dada anasikia alichoambiwa."

Sasa ameshapata chumba cha saluni mpya. Mwezi ujao atakwenda kuomba leseni, kwenye dirisha lilelile la halmashauri.

Kwa hiyo amewaamini tena?

Anafuta vumbi kwenye kioo cha simu.

"Sijui, ndugu yangu. Ila kusuka watu kwa kujificha siwezi. Nataka mlango uwe wazi, na bango langu lisomeke toka barabarani."