Maoni Yetu Yaliyofika Brussels

Mama mmoja wa Kiswidi, wa shirika kubwa, alikuja kwenye chama chetu cha wanawake pale Tensta, mtaa wetu wahamiaji. Alitaka maoni yetu kuhusu sera ya wakimbizi, ayapeleke Brussels. Sisi hatuanzi mazungumzo kabla mgeni hajala. Tukasalimiana, tukaomba, tukapakua wali. Alipomaliza kula akatazama saa, akatusainisha karatasi ya mahudhurio, akatupiga picha, akaaga. Hatukuwa tumesema lolote kuhusu sera hiyo. Niliingiwa na shaka, lakini mgeni ni mgeni, nikamsindikiza hadi mlangoni.

Baada ya miezi kadhaa kikaja kijitabu chenye picha yetu. Eti tulijadili kwa kina, tukaiunga mkono sera yote! Nilikisoma mara mbili nikitafuta maneno yangu. Siku ile nilimwambia moja tu: "Ongeza mchuzi, dada."