Kiti cha Kushoto kwa Mke Wangu

Mke wangu alikuwa mtazamaji. Kazi yake hiyo. Kile kipindi cha maswali na zawadi kwenye televisheni, wale wanaokaa nyuma wakipiga makofi, yeye alikuwa mmoja wao. Pale studio walimwita Mama Kicheko.

Tulimzika na gauni lake la bluu, lile la kazini.

Miezi ikapita. Jioni moja mchezaji akaulizwa juu ya ile mvua iliyoezua mapaa ya soko. Mvua ile ilinyesha mke wangu yuko kaburini tayari. Mchezaji akakosea. Picha ikahamia kwa watazamaji. Huyo hapo. Gauni la bluu, mkono mdomoni, kashtuka.

Binti yetu akaangusha kikombe. "Baba, zima!"

Sikuzima.

Wiki iliyofuata akaonekana tena. Safari hii anacheka, kageukia kushoto, kama anayesemeshwa na mtu.

Binti akanipeleka studio. "Wamtoe," alisema njia nzima. "Mtu amekufa, wamwache alale."

Mkata picha, yule anayeunganisha vipande vya kipindi, akatupa pole, akatueleza. Kabla wachezaji hawajaingia, kamera hugeuziwa watazamaji. Hakuna swali, hakuna mchezo. Mtu anapaza sauti: shtukeni! Huzunikeni! Chekeni na jirani! Nyuso zile huwekwa akiba, zikabandikwa popote zinapotakiwa.

"Kwa hiyo pale anashtushwa na nini?" nikauliza.

"Hakuna kitu, mzee."

"Na jirani yake ni nani?"

Akajikuna shingo. "Hakuwa na jirani. Kiti kile kilikuwa kitupu. Alicheka na kiti."

Binti akanishika mkono. "Mtoeni."

"Familia ikisema, tunamfuta leo leo." Akanitazama mimi.

Nyumbani nina picha yake moja tu, ya kitambulisho, kanuna. Wakimfuta, nitamwona wapi?

"Msimfute," nikasema. "Nikalisheni kwenye kile kiti kitupu."

"Baba, umechanganyikiwa?"

"Bado. Nikichanganyikiwa nitakwambia."

Wakanikalisha. Kulia kwangu, kiti chake hakikuwa na mtu, lakini kitambaa kilikuwa kimebonyea, kama mtu kainuka sasa hivi. Nikakigusa. Kilikuwa na joto. Taa, nikajiambia.

"Mzee, geuka kulia! Cheka!"

Tangu msiba sikuwa nimecheka. Nikageuka. Nikakumbuka alivyozoea kunitania: "Mzee, ukicheka unafanana na mbuzi aliyepaliwa."

Nikacheka.

Kipindi kiliporushwa tulikuwa sebuleni, mimi na binti. Mchezaji akakosea. Ukatokea uso wangu, nageuka kulia. Kisha wa mke wangu, anageuka kushoto. Tukachekeana. Kicheko kilikuwa kimoja, nisijue ni changu au chake.

Binti akachukua rimoti. Nikadhani anazima.

Akaongeza sauti.