Bustani ya Mama Majani

Siku presha ilipompanda hadi akaangukia cherehani, fundi mmoja wa sare za shule alikula kiapo: mafuta basi, sukari basi, soda basi. Akashika maharage, viazi vya kuchemsha, matunda na majani ya kila aina. Haukupita muda miguu ikaacha kuvimba, usingizi ukarudi, na nesi wa zahanati akampongeza mbele ya watu. Mtaa ukampa jina: Mama Majani.

"Mke wangu kafunga ndoa na mchicha," mumewe, dereva mstaafu, aliwatania wageni. "Mimi humu ni mpangaji tu."

Mboga za sokoni zilimtia shaka, maana alisikia hupuliziwa dawa. Walipohamia nyumba nyingine yenye kiwanja kitupu uani, akashika jembe mwenyewe. Hakutia kitu ila maji na samadi. Mchicha ukastawi, majani mapana kama viganja. Udongo wake ulikuwa mweusi, mzito, na katika kulima kote hakuwahi kufukua nyungunyungu hata mmoja. Akaona ndiyo usafi wa ardhi. Akaanza kuwagawia majirani, na mahubiri juu yake.

Mjukuu wake, binti mdogo aliyekuwa akimlea, alishinda humo bustanini, vidole vyenye udongo vikiingia mdomoni. Kwanza tumbo likawa linamkaza. Bibi akamwongezea mboga. Kisha mtoto akawa na hasira, analia kwa jambo dogo, chakula anakisukuma. Baadaye maneno yakaanza kumpotea. Mtoto aliyekuwa akiimba kutwa, sasa alinyoosha kidole tu.

"Sema maji, mama. Si ulikuwa unasema?"

Mtoto alimtazama bibi yake, akageukia ndoo, akanyoosha kidole.

"Huyu apelekwe hospitali," mumewe alisema. Safari hii hakutania.

"Ni tumbo tu. Chakula safi kitamtengeneza."

Asubuhi moja Mama Majani alichimba shimo la kupandia mpapai, akaenda chini kuliko siku zote. Jembe likagonga kitu. Akavuta vipande vya plastiki nyeusi, halafu vibamba vya kijivu, vidogo lakini vizito ajabu. Akamwita mumewe. Mzee alichuchumaa, akakigeuza kimoja, akakitupa kama kimemuunguza.

"Haya ni matumbo ya betri za gari. Kuna mtu alikuwa anayeyusha betri hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa tunapokula."

Mama Majani hakunawa hata mikono. Alimbeba mtoto mgongoni hadi hospitali, mzee akihema nyuma. Wote watatu wakatolewa damu. Majibu yalipotoka, daktari alifunga mlango kabla ya kusema.

"Ni sumu ya risasi, yale madini ya kwenye betri. Nyinyi mnayo, ila ya mtoto imezidi. Analazwa leo. Tumbo litatulia."

"Na maneno yake?"

Daktari aliandika fomu ya kumlaza. "Hayo tutasubiri tuone."

Mama Majani akamwacha mzee kitandani kwa mtoto, akarudi mtaani na kuanza kubisha hodi, nyumba kwa nyumba, kuwaonya wasile tena mboga zake, palepale alipokuwa akipeleka mafungu yake. Wa kwanza alicheka akidhani ni mzaha. Wa pili alimtukana, akamwagia mboga miguuni pake. Mama Majani alizikusanya zote kwenye mfuko, akaendelea.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa mke wa kinyozi. Ujauzito wake ulikuwa umeshakuwa mkubwa, na hakuna aliyekula mchicha ule kwa imani kama yeye.

"Karibu, mama! Ingia, naivisha zile zako za jana. Harufu hiyo!"

"Zima jiko, mwanangu."

"Kuna nini?"

"Zima kwanza. Njoo ukae."

Alimweleza yote bila kupunguza neno. Yule dada alisikiliza akiwa bado na mwiko mkononi, mkono wa pili ukishuka taratibu tumboni.

"Huyu naye?" aliuliza.

Mama Majani aliuchukua ule mwiko, akauweka chini. Akamtafutia viatu, akamshika mkono, wakatoka kuelekea hospitali.