Koti la Baba Kabla ya Arobaini

Baba alikuwa mlinzi wa hoteli moja kule juu, ukingoni mwa kreta, na koti lake zito la mtumba lilikuwa limeshika harufu ya moshi wa kuni, tumbaku na jasho lake kwa miaka mingi. Alipofariki, koti lilirudi nyumbani Karatu. Mama akalitundika kabatini, katikati ya vitenge vyake.

Ilikubaliwa kwamba siku ya arobaini, nguo za marehemu zikigawiwa, koti litakuwa la baba mdogo, ambaye analima kule Qurus. Mimi nilikuwa nyumbani na shahada yangu, bila kazi, nikiwaza mambo ambayo hakuna aliyeniomba niyawaze. Kila asubuhi nilimwona mama akifungua kabati, akisimama mbele ya koti, kisha akifunga. Kwenye ukosi kulikuwa na doa jeusi la grisi. Nilijiambia kuwa mama anaona aibu kwa doa lile. Kichwani nikasikia mpaka maneno ya wageni: msomi mzima, koti la baba yake linagawiwa na uchafu.

Zikiwa zimebaki siku tano, nililipeleka drai klina mjini. Sikumuuliza mama. Nilitaka litundikwe kimyakimya, alikute safi.

Nilipolichukua lilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, doa limetoka, na harufu ya dawa ikanipanda kichwani kabla sijafika mlangoni.

"Kaka, hii harufu inatoka lini?" nikamuuliza mhudumu.

"Dada, hiyo harufu ndiyo usafi wenyewe. Wengine wanarudi tuwaongezee."

Nikalirudisha kabatini vilevile, na mfuko wake. Asubuhi mama alifungua kabati kama kawaida. Nilikuwa nyuma yake, nikingoja afurahi. Alivuta mfuko, akaingiza uso kwenye ukosi, akakaa hivyo. Kisha akageuka.

"Nani kaliosha?"

"Mimi, mama. Lilikuwa na doa."

"Nililijua doa," akasema. "Nilikuwa namnusa."

Hakunigomba. Angenigomba, ningejua pa kuanzia.

Siku nne zilizobaki nilipambana na ile dawa. Nililitoa koti kwenye nailoni, nikalianika kivulini nyuma ya nyumba, ambako upepo unapita, nikiligeuza nje ndani kila baada ya saa moja. Harufu ilikuwa imehamia kwenye vitenge, hata gauni la kanisani. Nikatoa nguo zote nikazianika, nikafuta mbao za kabati kwa kitambaa chenye maji na siki, nikaacha milango wazi mchana kutwa. Chini nikaweka beseni la mkaa mkavu. Niliamka mara kwa mara kwenda kunusa, mpaka sikujua tena kama nanusa dawa au naiwaza.

Nilichotumaini sikumwambia mtu. Nilidhani dawa imekaa juu tu, na baba yuko chini yake. Ikiondoka, atatokea.

Siku ya nne dawa ikaisha. Nikampelekea mama koti. Akanusa ukosi, akanusa kwapani, akanusa mfuko ambao baba alikuwa akiwekea tumbaku.

"Umeitoa yote?"

"Yote, mama."

"Sasa halinuki chochote," akasema, akanirudishia.

Siku ya arobaini baba mdogo alilivaa mbele ya watu, akajigeuza huku na huku. "Shemeji, nimependeza kama mzungu aliyeshuka ndegeni!" Watu wakacheka. Mama naye alicheka kidogo, akaingia ndani.

Baba mdogo alirudi kututembelea wakati wa mvua, koti limelowa. Sasa lilikuwa na harufu ya ng'ombe, udongo na sigara. Mama alimpokea, akamvua koti yeye mwenyewe kabla hajakaa, na nikamwona akiusogeza ukosi usoni, haraka, kama mtu anayefuta jasho.

"Si yeye," akasema kwa sauti ndogo. Mimi tu nilisikia, maana nilikuwa nimesimama karibu.

Akalitundika karibu na mafiga likauke. Akarudi nyuma, akalitazama, kisha akaligeuza ili upande wa ndani uelekee moshi.

Nilikuwa na maneno mengi ya kuomba msamaha. Nimeyapanga na kuyapangua tangu ile asubuhi ya kabati. Nikachukua kijiti kibichi nikakisukuma motoni, moshi ukazidi.

Baba mdogo akakohoa. "Jamani, mnanikaushia koti au mnalibanika?"

"Vumilia kidogo, shemeji," mama akasema, akanisogezea kijiti kingine.